Pikipiki ya Baba Mkwe Iliyonyamazishwa

Kila anayekaa kwenye kiti changu siku hizi, hata kabla sijamfunga kitambaa shingoni, ananiuliza swali lile lile: kinyozi, uliondoka hapa na pikipiki, mbona umerudi na basi? Nimelijibu vipande vipande. Huyu nikamwambia ya Kanazi, yule nikamwambia ya Kemondo, na sasa mtaani kuna watu wanaosema nilibadilishana pikipiki ya baba mkwe na gunia la dagaa. Basi nimeandika yote. Msome mkiwa mnasubiri zamu, mniache ninyoe watu kwa utulivu, maana mkono wa kinyozi anayecheka si wa kuuamini karibu na sikio.

Bukoba mjini

Mwenye pikipiki ni baba mkwe wangu, Ta Mutashobya wa Nshamba, mwinjilisti wa Kilutheri aliyezunguka nayo kwenye vilima vile tangu mke wangu Adela akibebwa mgongoni. Ni ya zamani. Tangi limepakwa rangi kwa brashi, kiti kimeshonwa na fundi viatu, na injini ilikuwa na mlio wake, tiki-tiki-tiki, kama cherehani ya fundi aliyechelewesha sare za shule. Sasa mzee alikuwa anastaafu. Jumapili ile angeagwa kanisani, na kuhusu sherehe nzima alikuwa amesema neno moja tu: ataingia siku ya mwisho kama alivyoingia siku ya kwanza, juu ya pikipiki yake. Mume wa dada yake Adela, mwenye gari, alijitolea kumbeba. Mzee akasema gari ni la maharusi na wagonjwa.

Mimi ndiye niliyesimama nikasema, "Baba, nipe niipeleke mjini ikaangaliwe, na Jumamosi naileta." Nilisema mbele ya ukoo mzima, nikiwa nimeshiba. Na mjue kwamba kwa wakwe zangu ukiahidi ukashindwa, hakuna anayekufokea. Wanakupunguzia tu mchuzi, mwaka hadi mwaka.

Sasa nilipoifikisha hapa mjini, ni nani aliyeicheka? Ni ninyi, hapo hapo kwenye benchi. Mlisema nimeleta mashine ya kukoboa. Nikaona aibu, nikaipeleka kwa fundi mmoja, jina lake nalificha kwa heshima ya watoto wake, nikamwambia atoe ile kelele.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

Juu ya injini kuna vifuniko viwili, na chini ya kila kimoja kuna skrubu ndogo na nati yake. Mafundi wanaziita tapeti. Akazikaza mpaka tiki-tiki ikaisha, injini ikawa inanong'ona. Nikamsifu sana. Jumamosi asubuhi nikafunga nyuma sukari, kanga ya mama mkwe na mkoba wangu wa kunyolea, kwa sababu mzee ilikuwa lazima anyolewe vizuri kwa siku yake, nikawapungia mkono kama waziri. Na ninyi mkapunga, wanafiki wakubwa.

Kanazi

Kanazi haiko kwenye njia ya Nshamba. Ukifika Kyetema unaiacha barabara kuu na kukata kona. Lakini dada mkubwa wa baba mkwe, Ma Kokushubira, anaishi huko, na kupita Kyetema bila kwenda kumsalimu ni kujitafutia kesi ya ukoo. Nikakata kona.

Kwenye mlima wa kwanza pikipiki ikaanza kuchoka. Nikaongeza moto, ikapunguza mwendo. Nikaongeza tena, ikakohoa mara moja, kwa adabu, na kuzima. Nikapiga kiki. Kiki ikashuka laini, bila kusukumana na mguu, kana kwamba ndani ya injini hamna kitu. Nikaisukuma mpaka uani kwa Ma Kokushubira, jasho likishuka hadi kwenye soksi.

Bibi yule hakuiangalia pikipiki. Aliniangalia mimi, akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna.

"Tafuna kwanza, waitu, mwanangu. Safari haisimuliwi mdomo ukiwa mtupu."

Nikatafuna. Zikaja ndizi na maharage, nikala. Huku nakula namweleza kwamba injini imepata joto mno, na kwamba ikipoa labda itawaka.

"Ina joto?" Akanyoosha mkono, akaigusa kwa nyuma ya kiganja jinsi anavyoguswa mtoto kwenye paji la uso, akautoa haraka. "Hii ina homa."

Akaenda mgombani, akarudi na jani bichi, akalichovya kwenye maji, akaanza kuikanda injini. Mvuke ukapanda hadi juu ya paa. Majirani waliokuwa wanaanika kahawa wakauona, wakaja. Wa kwanza akasema ni plagi. Wa pili akasema ni petroli ya mjini, ya mjini siku zote ina maji. Wa tatu, mwenye kofia ya sufi, akasema yeye si mtu wa kubahatisha, hasemi kitu kabla hajaisikia, na kabla sijameza ndizi akawa ameshapiga kiki. Ilikuwa imepoa, ikawaka. Wote wakainamisha vichwa kuisikiliza. Ilipopata moto ikazima tena.

"Umeona?" akaniambia mwenye kofia, kama vile mimi ndiye niliyekuwa nabisha.

Ma Kokushubira akaanza kukanda upya. Ikipoa, anatokea jirani mwingine aliyechelewa, naye anadai aisikie, kwa kuwa wenzake wameisikia na si haki yeye akose. Sisi Wahaya tunaweza kugombania mpaka wa shamba mpaka watu wasisalimiane, lakini hatumnyimi mtu nafasi ya kutoa maoni. Nilikasirika, nasema kweli. Mwishowe nikachomoa ufunguo nikautia mfukoni. Wakaniambia basi, ikiwa nataka kungoja, ningoje nikila. Nilipoondoka jua lilikuwa limevuka utosi na tumbo langu lilikuwa linagusa tangi.

Kemondo

Sehemu kubwa ya njia ya kurudi kutoka Kanazi ni mteremko, nikajidanganya kwamba imepona. Ilizima Kemondo, karibu na wanakopakulia samaki, pale pale mbele ya meza ya mwanamke mmoja anayeitwa Mama Zawadi. Huyu ni mfanyabiashara wa samaki kutoka visiwa vya Muleba, si mwenyeji wa huku, na sauti yake imezoea kuongea na watu walio kwenye boti nyingine.

"Anko, mbona unaiangalia hiyo pikipiki kama umefiwa?"

"Nasubiri ipoe, mama."

"Kupoa? Si ungesema." Akawaita wapagazi wake, wakainyanyua pikipiki nzimanzima na kuiweka katikati ya makasha ya sangara, kwenye ubaridi. Halafu nikamwona amechota barafu kwa koleo anakuja nayo. Nikajirusha mbele ya injini mikono wazi.

"Mama, chuma cha moto kikipigwa na barafu kinapasuka."

"Basi shika wewe," akasema, akanitilia donge la barafu mkononi. "Maana naona wewe ndiye uliyepata moto zaidi."

Akanikaangia sato, akakataa malipo, nikala tena. Nilikuwa natoa mfupa wa mwisho mdomoni alipokuja fundi wa injini za mitumbwi, mtu mwembamba ambaye wote pale wanamwita Injinia. Akaniuliza kama imepoa. Nikasema karibu.

"Ngoja niisikie."

"Usi..." nikaanza, akawa ameshapiga kiki. Nikakaa juu ya kasha la samaki na kusema maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana mchungaji naye hunyolewa hapa. Injinia hakunisikia. Alikuwa ameinama, na uso ukabadilika.

"Mbona hii haitoi sauti?"

"Nimeitoa," nikamjibu kwa fahari.

"Umeitoa." Akageuka, akaita, "Mama Zawadi, njoo umwone mtu."

Akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi ili msicheke tena pikipiki ya mtu. Valvu ni kama mlango. Tapeti inausukuma ufunguke, halafu inapaswa kuuachia ujifunge wenyewe. Ile tiki-tiki ni upenyo mdogo ulioachwa kati ya vyuma kwa makusudi. Ukikaza mpaka kelele iishe, upenyo umekwisha. Injini ikipata moto vyuma vinatanuka, mlango unabaki wazi, nguvu yote inavuja.

"Na ukiilazimisha," akasema, "utaiunguza valvu. Hapo utaibeba kichwani hadi Nshamba."

"Basi zilegeze, ndugu yangu."

"Ikiwa ya moto hivi? Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, baridi ya kulala. Niletee kesho asubuhi."

Kesho asubuhi ndiyo ilikuwa ibada yenyewe. Nilimweleza habari ya mzee na ahadi yangu, mbele ya watu wote wa samaki. Injinia akajikuna shingo. Akasema niende polepole, ikichoka nisimame, nisiilazimishe mlima wowote. "Na usimruhusu mtu yeyote aiwashe eti anataka kuisikia," akaongeza, wala hakuona haya. Mama Zawadi akanifungia samaki mkubwa wa kubanika kwa ajili ya mama mkwe. Nikamwambia tayari nina sukari.

"Sukari haina macho," akasema. "Mpelekee kitu kitakachomwangalia."

Muleba

Kutoka Kemondo nilikwenda kama mlevi anayerudi kwake: kidogo, napumzika, kidogo tena. Na kila niliposimama alitoka mtu. Mmoja alinipa maembe, mwingine alinipa mahubiri juu ya pikipiki za kisasa, wa tatu akalala chini kabisa kuangalia uvungu, akainuka, akasema, "Hapo chini hamna kitu," akaenda zake. Mkono wangu ulikaa mfukoni juu ya ufunguo muda wote.

Nilifika Muleba jua likiwa limeshalegea. Ikazima mbele ya duka la soda, na mlima wa Nshamba bado wote uko mbele yangu. Pale dukani palikuwa na pikapu iliyojaa wanakwaya wenye majoho ya kijani. Walikuwa wamealikwa kuimba kwenye kumuaga mzee. Mwalimu wao wa kwaya, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akaniuliza naenda wapi na chuma kile. Nikamwambia ni pikipiki ya mwinjilisti Mutashobya.

Akavua kofia. "Hii? Mbona sikuitambua? Hii tunaijua kwa sauti."

Maneno yale yaliniuma kuliko jua la kutwa nzima. Wakaipakia nyuma, nikakaa kati ya wanawake wa sauti ya pili nikiwa nimeshika usukani kwa mikono miwili, samaki mapajani. Nikatoa sharti moja: hakuna kuiwasha. Kwaya nzima ikaitikia ndiyo, kwa sauti nne.

Ili nishike vizuri usukani nilikuwa nimeuacha ufunguo mahali pake. Katikati ya mlima kijana wa besi akasema upepo ule bila shaka umeshaipoza, na kwamba yeye anataka tu kuthibitisha jambo moja. Akapiga kiki akiwa amesimama. Ikawaka, ikatoa moshi, wanawake wa sauti ya kwanza wakaanza kukohoa. Dereva akadhani gari lake limeshika moto, akafunga breki zote, na kwaya yote ikanijia mimi na samaki. Tulipomaliza kutenganishwa, dereva akasema kwa heshima kubwa kwamba wao wanakata kona hapo juu kwenda kwa wenyeji wao, kwa hiyo atanishusha kileleni. Mwalimu wa kwaya akaniambia wataniombea. Nikamwambia waombee besi.

Nshamba

Kutoka pale kileleni hadi kwa wakwe ni mteremko mtupu. Injini ilikuwa ya moto, nami sikutaka kuichokoza, nikaiacha imezima na kujiachia. Upepo mzuri, migomba pande zote mbili, kimya. Nikajisikia mtu mwenye akili.

Nilisahau jambo ambalo kila mkwe analijua. Katika nyumba ile mama mkwe na mkwe hawakutani hivi hivi. Hawatazamani usoni, wala hawaongei moja kwa moja. Ukiwa na neno unamtuma mtu wa tatu. Na mkwe anayekuja lazima asikike tangu mbali, ili mama ajiweke sawa. Tangu nimuoe Adela, Ma Felista, mama mkwe wangu, alikuwa hajawahi kuniambia neno hata moja uso kwa uso. Mimi nikaja kama paka.

Nilimkuta uani, peku, amevaa koti la mumewe, mkono mmoja juu, anawahubiria kuku. Alikuwa anamwiga mzee, sauti yenyewe, hadi kile kikohozi chake kabla ya neno zito.

"Ndugu zangu," aliwaambia kuku, "tusiwe watu wa kusinzia wakati wa neno."

Nikashika breki, zikalia. Akageuka. Tukatazamana macho kwa macho. Mimi nikaanguka upande huu, pikipiki upande ule, na samaki wa Mama Zawadi akawaendea kuku. Ma Felista akapotelea mgombani na koti lake.

Alikuwa bado huko Adela alipotoka jikoni. Adela alikuwa ametangulia tangu mwanzoni mwa wiki hiyo kusaidia maandalizi. Akaenda ukingoni mwa migomba, akasikiliza, akarudi.

"Baba Doreen, mama anasema umekuja kama mwizi."

"Mwambie pikipiki ilikuwa imezima."

Akaenda, akarudi. "Anasema pikipiki imezima, lakini koo unalo."

"Mwambie namwomba radhi sana."

Akaenda tena, akachelewa kidogo, akarudi anajiuma midomo asicheke. "Anasema kama umeona kitu, hukuona."

Kwa hiyo na ninyi hamkusoma kitu hapo.

Jioni mzee akarudi kutoka kanisani walikokuwa wanapanga viti. Swali lake la kwanza lilikuwa kama pikipiki imefika.

"Imefika, baba. Ile pale."

"Sikuisikia." Akaiendea, akaweka mkono juu ya tangi, kisha akatazama barabarani kama mtu ambaye bado anasubiri mgeni. "Sikuisikia kabisa."

Akala kidogo, akaenda kulala mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamweleza Adela kila kitu, tangu benchi lenu hadi kwa Injinia. Hakunifokea.

Uani, kabla ya ibada

Kulipopambazuka nilikuwa nimeshachuchumaa kando ya pikipiki. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba na injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Adela alikuwa ameshakwenda kanisani kupika na wenzake. Mzee alikuwa chumbani na sala zake ndefu. Chini ya kiti nilikuta bisibisi na spana. Nikafungua vile vifuniko viwili vya juu, nikaziona tapeti, zikaniona, na ujuzi wangu ukaishia hapo. Sikujua hata nianze na ipi. Kama ningeharibu, mzee angekwenda kuagwa kwa miguu na mimi ndiye niliyemvua pikipiki yake.

"Pikipiki," ikasema sauti nyuma ya ukuta wa jiko wenye nyufa.

Nikatazama huku na huku.

"Pikipiki, mwambie mkwe wetu afungue na kile kifuniko cha pembeni. Azungushe sumaku, lile gurudumu la chuma la ndani, taratibu mpaka aone alama ya T."

Ilinichukua muda kuelewa. Ma Felista hakuwa na mtu wa kumtuma, kwa hiyo alikuwa anaituma pikipiki. Adabu ni adabu, nikashika na mimi upande wangu.

"Pikipiki, mwambie mama nimefungua. Alama naiona."

"Pikipiki, mwulize, akiichezesha sumaku kidogo, tapeti zinatikisika? Kama zinatikisika si yenyewe. Azungushe duru moja nzima alama irudi."

Zilikuwa zinatikisika. Nikazungusha. Alama iliporudi zilikuwa zimetulia. Baadaye Adela aliniambia kwamba usiku ule alikuwa amemweleza mama kila kitu, na kwamba miaka yote ile, alfajiri za Jumapili kabla mzee hajatoka, mama ndiye aliyekuwa anashika tochi na kumwambia mumewe kwamba ameshika spana isiyo yake.

"Sasa apime upenyo kwa wembe," sauti ikaendelea. "Tapeti ya hewa, huku nyuma, wembe mtupu. Ya moshi, huku mbele, wembe ukiwa ndani ya karatasi yake, maana ile inaungua zaidi, inataka nafasi. Upite kwa kukwaruza. Usikwame, usiteleze."

Nyembe mpya, jamani, ninazo mimi kuliko mtu yeyote Kagera. Nikatoa mmoja mkobani. Nikalegeza nati, nikarudisha skrubu, nikaingiza wembe, nikaanza kukaza. Skrubu ikazunguka pamoja na nati, wembe ukakwama.

"Pikipiki, mwambie mkwe wetu mkono wa kushoto si pambo. Bisibisi ishike skrubu isiende popote, spana ikaze nati."

"Pikipiki, mwambie mama nimesikia."

"Mwambie basi afanye."

Tulikuwa kwenye ile ya moshi, wembe umeingia na karatasi yake, sipumui, wakati mzee jirani alipoegemea ua wa miti. "Imeharibika?" akauliza. "Hebu iwashe kwanza tuisikie."

"Toka," akasema Ma Felista, na hilo hakulipitisha kwa mtu.

Jirani akatoka. Nikakaza nati, nikapima tena, wembe ukakwaruza vile vile. Nikafunga vifuniko vyote, nikapiga kiki. Safari hii kiki haikushuka laini, ilinirudishia mguu. Nikapiga ya pili. Ikawaka, na uani kwa wakwe zangu kukasikika tiki-tiki-tiki.

Dirisha la chumbani likafunguka, kisha mzee akatoka mlangoni na fulana ya ndani, kitabu cha sala bado mkononi, akatazama barabarani, halafu pikipiki, halafu mimi.

"Aa," akasema. "Sasa imefika."

Nikamkalisha kwenye kigoda nikamnyoa. Kwa wembe mwingine, msiniulize.

Kanisani

Aliendesha mwenyewe. Mimi nilikaa nyuma nikiwa nimeshika koti lake, lile lile, nikijitahidi kutofikiria kuku. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyenisimulia ilivyokuwa kwa waliokuwa ndani. Walikuwa katikati ya wimbo, tiki-tiki ikasikika ng'ambo ya bonde, na waumini wakaanza kusimama mmoja mmoja bila mtu kuwaambia. Wazee wa kike waliokuwa nje wanaongea wakanyamaza na kuingia ndani haraka, kama walivyozoea kufanya tangu wakiwa vijana. Besi akaacha kuimba. Tulipofika mlangoni kanisa zima lilikuwa limesimama, limegeukia nje.

Mzee akazima. Hakushuka mara moja. Alikaa pale juu, mikono kwenye usukani, akalipigapiga tangi, kisha akashuka na kuingia. Nililia. Sijali nani atanicheka kwenye hilo benchi, nililia mpaka mwanamke mmoja akanipa kanga yake. Na pikipiki ikabaki na mwenyewe, ndiyo sababu nilirudi na basi.

Ibada ilipokwisha watu wakabaki uwanjani kwa chakula, mzee amezungukwa, Adela anapakua. Mimi nikarudi nyumbani mara moja kuchukua mkoba wangu. Nikakohoa tangu barabarani, nikakohoa tena getini. Ma Felista alikuwa uani. Alikuwa amerudi kuchukua sufuria zaidi. Tukasimama, mimi huku, yeye kule karibu na jiko, kila mtu anatazama miguu yake.

Nikamsikia anavuta pumzi ya kusema kitu. Kisha akasita. Adela hayupo, mzee hayupo, pikipiki iko kanisani. Akawatazama kuku, na nadhani aliona kuku hawafai kwa neno lile.

"Mkwe wangu," akasema.

Nikageuka nyuma kuangalia anaongea na nani.

"Ni wewe," akasema. "Kasinge. Asante. Umemfikisha mzee wangu."

Nikazibeba zile sufuria zote, nikatangulia mbele yake hadi kanisani, nikikohoa njia nzima ili ajue nilipo.